Siku Moja Saanane

Una siku moja tu ya kupumua Mwanza? Vuka uende kisiwa cha Saanane, hapo ziwani. Huhitaji kukodi gari wala hema. Bodaboda inakushusha Capri Point, unaingia ofisi ya hifadhi, unapanda boti, na baada ya dakika chache uko ndani ya hifadhi ya taifa huku maghorofa ya mjini bado unayaona.

Nenda mapema, saa mbili asubuhi uwe umeshafika. Saa hizo ziwa limetulia na mawe hayajapata moto. Mchana upepo huamka, boti ikaanza kurukaruka, na wanyama nao wakajificha vivulini. Ukiweza kuchagua mwezi, chagua kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa mbali.

Malipo yanafanyika kwa kumbukumbu namba, kwa hiyo weka hela kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Beba na kitambulisho cha taifa. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu, lakini Utanzania hauthibitishwi kwa lafudhi.

Vaa raba zenye meno. Kisiwa ni majabali matupu, na mengine yamelainika kama sahani. Mara yangu ya kwanza nilikwenda na sandali za ngozi. Jabali moja nililishuka kwa makalio, mbele ya watoto wa shule waliokuja kuangalia swala. Swala wakasahaulika.

Sasa, kosa la wengi ni haraka. Hifadhi nzima ni kilomita za mraba 2.18, na hapo maji yameshahesabiwa. Ukiizunguka kwa mwendo wa sokoni utaimaliza mapema na kusema hakuna kitu. Wewe chagua jabali lenye kivuli, kaa, nyamaza robo saa. Pimbi watatoka mmoja mmoja kwenye nyufa, wanene, wamenuna. (Ndugu zao wa karibu ni tembo. Usinibishie, muulize mhifadhi.) Kisha atakuja mjusi wa mawe wa Mwanza. Dume ana kichwa na mabega mekundu, na kuanzia hapo kwenda chini ni bluu, kama amevaa jezi. Atapanda juu ya jiwe na kupiga pushapu akikutazama. Usimfuate. Lala kifudifudi, simu iwe usawa wake, umpige picha ziwa likiwa nyuma yake. Jike ni wa kahawia, usimpite bila kumwona.

Omba uongozwe na mhifadhi, na muulize habari za jina. Atakusimulia Mzee Saanane Chawandi, mvuvi aliyekuwa na makazi yake hapo. Mwaka 1964 kisiwa kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na 2013 kikawa hifadhi ya taifa.

Chakula beba chako, kwenye kikapu au begi. Mfuko wa plastiki uache, umepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Ukila, toa kinacholiwa tu, zipu ifunge. Nilimpa tumbili kisogo kwa muda wa kufungua chupa ya maji, chapati mbili zikapanda mti.

Usiogelee. Maji yanavutia kweli, ila mamba wamo, na kichocho ni ugonjwa wa ziwa hili. Laifu jaketi vaa na ufunge kamba zote, hata kama safari ni fupi na picha haitatoka vizuri.

Kabla hujashuka kwenye boti, muulize nahodha saa ya kurudi na mkubaliane. Lenga saa tisa au kumi. Ukitua, utakuwa na muda wa kutafuta sato wa kukaanga na ugali wa moto. Mwambie mpishi akupe mbichi aliyeingia leo, na umchague mwenyewe: macho yang'ae, mashavu kwa ndani yawe mekundu. Pilipili iwekwe pembeni.