Dondoo muhimu: Ijaribu Linux kabla ya kuitupa kompyuta
Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazikidhi masharti ya Windows 11. Hiyo si sababu ya kununua mpya. Linux Mint, mfumo endeshi unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo pima kwanza Wi-Fi, sauti na printa yako. Wapo wanaohofia kazi za ofisi zitakwama. Hofu hiyo ina ukweli: LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, hufungua faili za Word, ila majedwali huweza kuvurugika, basi barua rasmi zitume kwa PDF. Anayetegemea programu ya uhasibu ya Windows pekee asihame bado. Wengine, hifadhini nakala za faili zenu kwanza, kisha sakinisheni.