Mbele ya Kupanda Motokari ya Kwenda Chuo Kikuu

Wanafunzi wapenzi wa mwaka wa mwisho, somo hili ni lenu. Na ninyi wa chini mulisome vilevile, zamu yenu haiko mbali.

Munajua furaha ya siku majibu ya Mtihani wa Serikali yanapotoka. Mtoto aliyepata asilimia 50 ao zaidi anamwagiwa unga mweupe kichwani, mama wanapiga vigelegele, njia yote inajaa watu. Kiisha barua inakuja: chuo kikuu kimekukubali. Hapo watu wa nyumbani wanasema, “Yule amekwisha kuingia iniversite.” Hapana, bado. Barua inasema kwamba uko na nafasi. Haisemi kwamba umeandikishwa, wala kwamba utafika kwenye mitihani ya kwanza.

Tuanze na karatasi, maana hazina maneno mengi. Mara nyingi apariteri, ndiye mkubwa wa uandikisho, anadai fotokopi ya diploma ao cheti cha kufaulu, buletini za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, karatasi ya daktari na picha ndogo. Tazama jina lako kwa kila karatasi. Kama buletini inaandika jina kwa herufi nyingine kuliko diploma, tengeneza hapa, wakati prefe angali karibu. Ukisha kufika Kisangani ao Lubumbashi, herufi moja inaweza kukurudisha nyumbani, na safari ile unajua bei yake.

Sasa pesa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe nilianguka.

Nilipokubaliwa, mama aliuza mbuzi watatu. Tulilipa sehemu ya kwanza ya malipo ya masomo, tukanunua suti, viatu na valizi mpya, kusudi nisipate haya mbele ya watoto wa mji. Hakuna mtu aliyeuliza juu ya sehemu ya pili. Siku ya mtihani mtu alisimama mlangoni na liste ya waliolipa. Jina langu halikuwa ndani. Nilisikia wenzangu wakigeuza karatasi, mimi niko nje na suti yangu. Mwaka ule ulipotea wote. Na neno lililoniumiza zaidi ni hili: mama alikuwa na shamba la muhogo lililokomaa. Angejua tarehe, angevuna na kuuza mbele ya wakati. Pesa ilikuwa udongoni, na sisi hatukujua lini itatakiwa.

Basi, mbele ya kununua kitu chochote, tafuta mwanafunzi aliye kule sasa (si yule aliyemaliza zamani) na umuulize: Malipo ya mwaka ni kiasi gani, na yanagawanywa mara ngapi? Yanahesabiwa kwa dola ao kwa franka? Neno hili ni kubwa. Vyuo vingi vinahesabu kwa dola, na mama anauza unga kwa franka. Franka ikishuka, kilo zile zile hazitoshi tena. Uliza juu ya silabusi, chumba, chakula, kazi za mikono za maabara, njia ya kila siku. Kiisha keti na wazazi na karatasi moja, uandike miezi yote ya mwaka wa masomo, na kando ya kila mwezi: nini kitatakiwa, na kitatoka wapi. Mwezi ambao hauna jibu, uonyeshe wazi kwa baba na mama. Ni afazali wahangaike sasa kuliko siku ile ya mlango.

Wengine mutakaa kwa baba mudogo ao kwa yaya aliyeolewa mjini. Ni vizuri, lakini museme mapema. Nani atachota maji? Taa inazimwa saa ngapi? Mgeni wa juma moja anapewa kuku. Mtu wa miaka mitatu anapewa kazi, na ni haki. Ubaya ni kazi isiyo na saa. Mzazi wako aende mwenyewe kuomba, ao aandike barua, ataje saa zako za kusoma. Mtoto akijitetea peke yake anaonekana mwenye kiburi.

Yabaki masomo yenyewe. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vilianza mpango wa LMD. Yaya zenu watawaambia habari ya graduat ya miaka mitatu na lisanse ya miaka miwili. Huo ni mpango wa zamani. Sasa lisanse kwa kawaida ni miaka mitatu, kredi 60 kila mwaka, ndizo 180 kwa jumla. Angalia jambo hili: kredi haihesabu saa za kumsikiliza profesa tu. Inahesabu pia saa za kusoma peke yako. Lakini saa zile hakuna kengele ya kukuita, wala mwalimu wa zamu anayepita na fimbo.

Na hapa shule yetu imewazoeza vibaya kidogo, niseme kweli. Sisi walimu tunaandika ubaoni, ninyi munanakili mpaka nukta. Kule profesa anasema kwa Kifaransa mbele ya watu mia kadhaa, habari ubao. Nani amekwisha kukufundisha kusikiliza na kuchagua la kuandika?

Jifunze sasa, bila kulipa kitu. Radio Okapi inatoa habari kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Sikiliza kwanza habari za Kifaransa, uandike mambo makubwa tu, mistari kumi. Usijaribu kuandika kila neno, mkono hauwezi. Kiisha ngojea habari za Kiswahili za siku ile ile na ujipime: nini kilinipita? nini nilisikia vibaya? Juma la kwanza utacheka. Nilipofanya hivi na wanafunzi wawili mwaka jana, mmoja aliandika kwamba waziri amekufa, kumbe amesafiri tu. Kiisha mwezi mmoja karatasi zake zilikuwa safi kuliko zangu.

Na kazi ya pili: fungua kitabu chochote cha Kifaransa cha biblioteke, soma kurasa mbili, ukifunge, uandike kwa maneno yako mwenyewe. Kama huwezi, hukusoma, ulipitisha macho.

Wote walio na barua ya kukubaliwa waje siku ya posho, saa nne, katika darasa la mwaka wa mwisho. Mulete barua, buletini, na ile karatasi ya miezi, hata kama ina mashimo mengi. Direkta wa masomo atatazama majina na herufi. Mimi nitatazama miezi. Mzazi aliye karibu, mumwambie aje pia.