SOMO: DAMU YA KONDOO INAKWENDA WAPI?

Kondoo akikonda baada ya mvua hapa Noonkopir, wengi wetu husingizia nyasi. Hebu kwanza mfunue kope la chini. Ndani pakiwa pekundu, damu ipo. Pakiwa peupe kama karatasi, mara nyingi ni minyoo wa tumbo la nne. Mnyoo mmoja hunyonya kama tone moja kwa siku. Elfu moja je? Vijiko kumi vya chai, kila siku!

Kule Diani, Pwani, kati ya 1991 na 1996, watafiti walihesabu mayai ya minyoo kwenye mavi, kisha wakazungusha damu kwa mashine katika kijibomba chembamba, waone chembe nyekundu ni kiasi gani. Kondoo Wekundu wa Kimaasai walikuwa na mayai machache na damu nzuri zaidi, na wana-kondoo wao walikufa wachache kuliko wa Dorper.

Nasi huku tunauza madume Wekundu, eti Dorper ni mkubwa sokoni! Kila kikundi kibakize angalau dume mmoja halisi. Na dawa wapewe wenye kope jeupe, minyoo wasije wakaizoea.