Shamba la Urithi: Uliuze au Ulishike?

Lami ikifika kijijini, simu huanza kulia katika mitaa ya Kibera na Kawangware, Nairobi. Dalali ana mnunuzi, mnunuzi ana pesa taslimu, na shamba la marehemu baba huko Siaya, Vihiga au Kisii limepanda bei. Kabla hujakubali hata arubuni, pitia maswali haya manne.

Je, una haki ya kuuza?
Ikiwa hatimiliki ina jina la baba au babu, shamba bado ni mali ya marehemu, hata kama kila ndugu anajua mpaka wake. Sheria ya Urithi, Sura 160, inakataza kuuza ardhi kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Anayejiingiza katika mali ya marehemu bila idhini anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili.

Kesi ya mirathi huanza kwa barua ya chifu inayotaja warithi wote. Ombi hutangazwa katika Gazeti la Serikali kwa siku 30, na kwa kawaida uthibitisho hutolewa baada ya miezi 6. Binti ana haki sawa na kaka yake, awe ameolewa au la. Mama mjane naye hawezi kuondolewa kwenye shamba kwa sababu tu wanawe wamepata mnunuzi. Waislamu wanaweza kupeleka mirathi yao mahakama ya Kadhi.

Je, bodi imekubali?
Ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 baada ya mkataba, la sivyo mkataba unakuwa batili. Mkataba ulioandikwa mbele ya wazee na chifu hauchukui nafasi ya idhini hiyo.

Je, kodi itachukua kiasi gani?
Tangu Januari 2023, faida ya kuuza ardhi hutozwa kodi ya asilimia 15. Shamba la kilimo lisilofika ekari 50, lililo nje ya mji, husamehewa. Vilevile ardhi ambayo bei yake haizidi shilingi milioni 3. Eneo linalokua likishatangazwa kuwa mji, msamaha wa kwanza unaweza kukuponyoka. Ushuru wa stempu, asilimia 2 mashambani na 4 mjini, hulipwa na mnunuzi.

Je, pesa zinakwenda wapi?
Hili ndilo swali zito. Sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya serikali, na mwenye nyumba za kupangisha mara nyingi anamiliki kuta na mabati tu. Julai 2018, nyumba nyingi zilibomolewa huko kupisha barabara. Ukiuza shamba lenye hatimiliki ili ununue vyumba vya aina hiyo, umebadilisha mali ya kudumu kwa mali inayoweza kubomolewa.

Kawangware ina historia nyingine. Ilikuwa mashamba ya familia za Dagoretti kabla jiji halijaifikia, na familia zilizobaki na kipande chenye hati ziliweza kujenga vyumba na kukusanya kodi ya nyumba kila mwezi. Kijiji chenu kinaweza kufuata njia hiyohiyo.

Si lazima uchague kati ya kuuza lote na kuacha lote. Mkishapata hati, mwiteni mpimaji agawanye: boma na makaburi yabaki, na kipande cha kando ya barabara kiuzwe au kikodishwe kwa mkataba wa maandishi.

Uza ikiwa warithi wote wametia sahihi, karatasi zimekamilika, na pesa zinanunua mali nyingine yenye hati. Usiuze kwa sababu ya deni la mwezi huu, wala kwa sababu dalali amesema bei itashuka kesho. Ardhi iliyouzwa katika eneo linalokua ni nadra kununulika tena kwa bei ileile.