Vituko vya Kutazama na Mtoto wa Maandalizi

Mtoto wa miaka minne ukimwachia simu, atatazama kile kile alichokitazama jana. Simu nayo itamletea kinachofanana nacho, mpaka jioni iishe kwa magari ya rangi yanayogongana. Kazi yako ni kumtolea kitu ambacho hangekipata mwenyewe: katuni ya ajabu, ngoma yenye mlio asioujua. Inataka nusu saa yako na flashi moja tu.

Kwanza, ingia kwenye mipangilio ya YouTube, zima ile sehemu inayochezesha video inayofuata bila kuulizwa. Fanya sasa hivi, tutakusubiri.

Anza na katuni zisizo na maneno. Pingu, pengwini wa udongo aliyetoka Uswisi mwaka 1990, anazungumza lugha isiyokuwepo popote duniani. Shaun the Sheep, kondoo wa Kiingereza ambaye mfululizo wake ulianza 2007, hasemi kitu, na hata mwenye shamba anaguna tu. Yuko pia Krtek, fuko mdogo aliyechorwa na Zdeněk Miler wa Czech kuanzia 1957. Baadaye Miler aliondoa mazungumzo, zikabaki sauti za vicheko na mshangao, na hizo aliziazima kwa binti zake mwenyewe. Mtoto wa Wete, hapa Pemba, hapitwi na neno hata moja.

Sasa mwambie akusimulie yeye. "Huyu kakasirika nini?" Mwache ajibu anavyojua. Akikwambia ile theluji ya Pingu ni chumvi, usimsahihishe papo hapo. Muulize chumvi yote ile nani kaimwaga.

Usidhani vituko viko ng'ambo tu. Ubongo, shirika la Dar es Salaam, ilianza na Ubongo Kids mwaka 2014, kisha ikatoa Akili and Me kwa ajili ya wadogo. Akili ni mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala, huingia Lala Land, nchi ya ndotoni ambako wanyama wanaimba na kuhesabu. Wa maandalizi mpe hii ya Akili. Ubongo Kids ina hesabu za watoto wa skuli ya msingi, iweke kando kwanza.

Miongoni mwa rafiki zake Akili yumo komba. Mtumie huyo. Watoto wengi wa shamba wanaogopa komba akilia usiku juu ya mikarafuu. Usiku akisikika, mwambie wako, "Rafiki yake Akili huyo, anamwita." Kesho ataomba mumsikilize tena.

Tinga Tinga Tales ndiyo niipendayo kupita zote. Ilichorwa Nairobi, ikaanza kuonyeshwa 2010, kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wetu aliyefariki 1972. Kila kipindi kinaeleza kwa nini mnyama fulani yuko alivyo. Tatizo, nyingi utazipata kwa Kiingereza. Zima sauti. Sema "Paukwa!", akijibu "Pakawa!" simulia mwenyewe kwa kufuata picha. Ukikosea hadithi hakuna atakayejua. Mkimaliza, mpe swali la nyumbani: kwa nini popo wa msitu wa Kidike hulala kichwa chini?

Jifunze pia kusimamisha video. Mbinu hii Zanzibar inaijua zamani. Vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, vya mradi ulioanza 2006 na kuwafikia watoto wa Micheweni, vilikuwa vinauliza swali kisha vinanyamaza ili mtoto ajibu, aruke au aimbe. Nawe bonyeza kitufe pale mambo yanapochacha. "Ataanguka au hataanguka?" Akijibu, endelea. Mara mbili tatu kwa kipindi zinatosha, ukizidisha atakunyang'anya simu, na atakuwa na haki.

Kwenye muziki ndiko tuliko matajiri. Mwekee kidumbak: vingoma viwili vidogo, fidla, cherewa, na lile sanduku la mbao lenye ufito na kamba linalotoa besi. Kisha mwekee beni, tarumbeta na ngoma za kuwaiga maaskari wa kikoloni kwa mzaha. Tafuta kikundi cha Mbwa Kachoka cha Unguja, jina lenyewe litamchekesha kabla ya muziki kuanza. Lakini sikiliza wewe kwanza. Nyimbo hizi za harusini zina mafumbo yake, na mtoto atayaimba mbele ya mwalimu wa chuoni.

Halafu mtengenezee sanduku lake. Chukua ndoo ya plastiki iliyochoka, toboa tundu katikati ya kitako. Pitisha kamba ya katani, ifunge kwa ndani kwenye kijiti isichomoke. Ipindue ndoo. Ncha ya pili ifunge juu ya ufito unaomfika mtoto kifuani, na mguu wa ufito uegemee ukingoni mwa ndoo. Akiuvuta ufito nyuma, kamba inakaza na sauti inapanda, akiulegeza, inashuka. Mshipi wa kuvulia usiutumie, unakata vidole. Cherewa itakuwa chupa ndogo ya maji yenye choroko, kifuniko ukigandishe kwa gundi.

Miguu nayo isikae bure. Msewe ni ngoma ya hapa hapa Pemba, na wachezaji wake hujifunga miguuni misewe inayolia kwa kila hatua. Mfungie makuti makavu kwenye vifundo, mwekee ngoma, mpishe uwanja. Bibi akiwepo, mwite. Yeye anazijua hatua ambazo hazimo mtandaoni.

Kitu cha ajabu kinaweza kumtisha. Kitazame peke yako kwanza. Mkiwa pamoja akajificha mgongoni mwako, zima bila kumcheka, mrudishe kwa Pingu.

Muda? Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne asipitishe saa moja ya skrini kwa siku. Mimi nasema nusu yake inatosha. Mwekee baada ya alasiri, ikikaribia magharibi. Adhana ikisikika, mnazima. Hakuna mabishano, kwa sababu si wewe uliyeamua.

Vipindi pakua ukiwa na bando la kutosha au penye Wi-Fi, kwa ubora wa 360p, viweke kwenye flashi. Viwe vichache. Atataka kimoja hicho hicho wiki nzima, na umpe. Kipya kiingize Ijumaa, baada ya kile anachokipenda.