INJINI INAPOKATAA KUWAKA: SOMO LA BARIDI NA UJIRANI

Wageni wengi hudhani Isiolo ni jua tu. Kweli, mji wetu uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mchana jua halina mzaha. Lakini hebu panda gari uelekee Timau mwezi wa Julai. Baada ya muda si mrefu umepita mita 2,000, Mlima Kenya uko hapo kando, na meno yanagongana. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Lori linalolala huko likingoja kupakia viazi hulala na baridi hiyo hiyo. Alfajiri dereva anapiga stata: nye, nye, nye, kisha kimya! Katika makala haya tutajifunza kwa nini injini husumbua hivyo, na jinsi jirani anavyoweza kusaidia.

1. Baridi inaifanya nini injini?

Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Ile ya dizeli, aliyoibuni Mjerumani Rudolf Diesel na kuikamilisha mwaka wa 1897, haina cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ibaki sehemu moja kati ya 16 au 20. Hewa ikibanwa hivyo hupata joto la nyuzi 500 na zaidi. Dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Sasa, asubuhi ya baridi mambo matatu huharibika pamoja:

(a) Hewa inaingia ikiwa baridi, na chuma cha silinda kinanyonya joto lake kabla dizeli haijashika.
(b) Oili inakuwa nzito kama uji uliolala, kwa hivyo injini inazunguka polepole.
(c) Ndani ya betri umeme hutokana na kemikali, na kemikali zikipoa hufanya kazi kwa uvivu. Betri nzee ndiyo huumbuka kwanza.

Tazama kopo la oili dukani, utaona 15W-40. Hiyo W ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake ikiwa ndogo, oili hiyo huteleza vizuri zaidi kwenye baridi.

2. Mashine ya posho

Mashine nyingi za kusaga posho zimetumia injini za Lister kutoka Uingereza, ambazo huwashwa kwa hendeli. Mtu mmoja akiwa peke yake asubuhi atatoka jasho bure. Wakiwa wawili, mmoja anainua kile kiwiko kinachofungua valvu ili hewa isibanwe, na mwenzake anazungusha hendeli. Gurudumu likishapata kasi, kiwiko kinaachiliwa na injini inaitika: tuk, tuk, tuk! Anayezungusha aweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, maana hendeli ikirudi nyuma kwa ghafla inaweza kumvunja mkono. Mashine isipowaka, wanaongoja unga ni mtaa mzima.

3. Kuazima umeme wa jirani

Jirani akija na gari lake na waya za jampa, fuateni utaratibu huu:

• Hakikisheni betri zina volti sawa. Malori mengi makubwa ni volti 24 na magari madogo ni 12. Msichanganye.
• Magari yasigusane.
• Waya mwekundu: kwanza chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima.
• Waya mweusi: kwanza hasi ya betri nzima, kisha chuma kitupu cha injini iliyokufa, mbali na betri yake.

Kwa nini mbali? Betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ndogo yaweza kuilipua. Basi anayevuta sigara asogee kando!

4. Kusukuma

Mtaani kwetu Bula Pesa, mama mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa saa kumi na moja alfajiri. Gari la karibu lilikuwa pikapu ya mzee aliyekuwa hasalimiani na mume wa mama huyo kwa sababu ya ugomvi wa ua. Mzee alitoka bila kuulizwa mara mbili. Stata ikakataa. Watu wakatoka majumbani, Waborana, Wameru, Wasomali na Waturkana wa mtaa wetu, wengine na shuka mabegani. Mzee akafungua swichi, akakanyaga klachi, akatia gea ya pili. Tulisukuma kutoka nyuma, na gari lilipopata mwendo akaachia klachi. Likashika! Mtoto alizaliwa salama, na salamu za mzee na baba mtoto zikarudi.

Kumbuka: gari lenye gea za kujibadilisha haliwashwi kwa kusukumwa, na asisimame mtu mbele yake.

5. Tusifanye haya

Wengine huwasha moto chini ya injini ili kuipasha. Hiyo ni hatari, kwani dizeli na oili zikidondoka gari lote litateketea. Wengine humwagia injini maji ya moto. Chuma baridi kikipata joto ghafla chaweza kupasuka. Afadhali kusafisha vichwa vya betri jioni, na kuegesha gari mteremkoni likiwa na kabari kwenye magurudumu.

6. Hitimisho

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Fundi mzuri anajua injini, lakini alfajiri fundi amelala kwake na aliye karibu ni jirani. Kwa hivyo tusalimiane mapema, kabla betri haijafa.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti ya injini ya petroli na ya dizeli katika kuwaka.
2. Kwa nini waya mweusi wa mwisho hauwekwi kwenye betri iliyokufa?
3. Tunga sentensi mbili ukitumia maneno: kiwiko, kabari.
4. Taja methali nyingine mbili zinazohusu ushirikiano.