«Njo nani alisema?»: sarufi ya uvumi na ya kampeni mjini Bukavu

Siku moja ujumbe uliingia katika simu yangu: «Inasemekana mama anayeuza unga karibu na ngazi anachanganya muhogo na kitu kingine. Peleka kwa wote.» Nikaupeleka bila kufikiri hata dakika moja. Wiki mbili baadaye nilipita mbele ya meza yake. Unga ulikuwa umejaa, wanunuzi hakuna. Ni mama wa mtaa wetu huku Kadutu, ananijua tangu utoto. Akaniuliza polepole: «Mutoto yangu, njo nani alisema?» Nikamjibu: «Mama, banasema tu.»

Mimi ni mwanafunzi wa lugha. Swali la mama yule lilikuwa swali la sarufi, nami nililikwepa. Katika makala haya nataka kulirudia, kwa sababu naona ndilo swali ambalo redio zetu na wanasiasa wetu wanatuzoesha kutouliza.

1. Kitenzi kisicho na mtu

Tulinganishe sentensi nne:

(a) Gavana alisema bei itashuka.
(b) Ilisemwa na gavana kwamba bei itashuka.
(c) Inasemekana bei itashuka.
(d) Wanasema bei itashuka.

Katika (a) mtendaji yupo mbele. Katika (b), kauli ya kutendwa, amesogezwa nyuma, lakini kiti chake kipo: tunaweza kumtaja kwa «na». Katika (c) kiti chenyewe hakipo. Hakuna anayesema «inasemekana na gavana». Kiambishi -ekana kinaonyesha hali tu, kama katika «patikana» na «onekana». Tukisema «chumvi inapatikana Nyawera», hakuna hasara, kwani hatuhitaji kujua nani anaipata. Lakini maneno si chumvi. Maneno hayapatikani bila mtu kuyatoa.

Sentensi (d) ina hila yake. Kiambishi wa- (kwetu hapa ba-) kinaahidi watu, ila ukiwatafuta hawapo. «Banasema» ni umati usio na uso hata mmoja.

2. «Sisi» ya mgombea

Wakati wa kampeni, mgombea anapanda juu ya gari lenye vipaza sauti na kutuambia: «Tumesahauliwa! Tumeibiwa! Nchi imeuzwa!» Tunapiga makofi, kwa sababu njaa na barabara mbovu ni za kweli. Lakini tuchambue. Vitenzi vyote vitatu viko katika kauli ya kutendwa, na nafasi ya «na» ipo wazi: imeuzwa na nani, kwa nani, kwa mkataba upi? Mgombea anaiacha tupu makusudi, ili kila msikilizaji aijaze kwa jirani anayemchukia tayari.

Kiambishi tu- nacho hakina mpaka. Kiswahili hakitofautishi «sisi pamoja nawe» na «sisi bila wewe». Kwa hiyo mtu aliyekuwa serikalini miaka kumi anaweza kusema «tumeibiwa» na kujiweka upande wa walioibiwa.

Mara nyingine mpaka unawekwa, na hapo ndipo hatari inapoanza. Katika uchaguzi wa 2006, kambi ya Jean-Pierre Bemba ilijitangaza kwa kauli ya Mkongomani asilimia 100, ili kuacha shaka juu ya asili ya Joseph Kabila. Julai 2021, mbunge Nsingi Pululu aliweka bungeni pendekezo lililotokana na wazo la Noël Tshiani: rais awe mtu ambaye baba na mama yake wote ni Wakongomani. Mjadala ukahama kutoka swali «atafanya nini?» hadi swali «ni mtoto wa nani?» Swali la pili ni tamu zaidi redioni, kwa maana kila mtu ana la kusema juu ya mama wa mwenzake.

3. Habari iliyotafsiriwa vibaya

Vyombo vyetu vina udhaifu mwingine, na huu unatuhusu sisi wa kitivo moja kwa moja. Habari nyingi huandikwa kwanza kwa Kifaransa. Mwandishi anaandika «le député aurait détourné», yaani anatoa taarifa bila kuithibitisha. Anayesoma kwa Kiswahili anafika hapo na kukwama. Nimesikia «mbunge ameiba», na shaka yote imepotea. Nimesikia pia «mbunge angeiba», ambayo kwetu ina maana kwamba angeiba kama angepata nafasi. Njia ya tatu ni «inasemekana», na kwa hiyo tumerudi kwenye unga wa mama yule. Tafsiri ya haki ingemtaja anayeshtaki: «Shirika fulani linamtuhumu mbunge kwamba ameiba, yeye anakana.»

Tena kuna «coupage», ile bahasha anayopewa mwandishi na mwenye habari. Mwandishi asiye na mshahara wa kutosha anaipokea, na siku hiyo mwenye bahasha ndiye mtendaji halisi wa sentensi zote, ingawa hasikiki.

4. Pingamizi

Mhadhiri mmoja aliposoma rasimu yangu alinipinga: je, uvumi haukutusaidia? Ana haki. Chini ya Mobutu, wakati sauti ya taifa ilikuwa moja, «radio trottoir» ndiyo iliyobeba mambo yaliyofichwa. Tena hapa Bukavu kumtaja mtu kunaweza kuua. Serge Maheshe wa Radio Okapi alipigwa risasi mjini humu Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo Novemba 2008.

Lakini kuficha jina si sawa na kutokuwa na jina. Mwandishi anayesema «mtu aliyekuwapo, ambaye hatumtaji kwa usalama wake, ametuambia» anajua ni nani, alimuuliza, naye anabeba dhamana. Anayesema «inasemekana» mara nyingi hajamuuliza yeyote.

Ng'ambo ya Ruzizi tuna mfano wa mahali njia hii inapofika. RTLM ilianza kurusha matangazo nchini Rwanda mwaka 1993 kwa muziki na mzaha uliopendwa na vijana. Mwaka uliofuata ilikuwa inataja watu wa kuuawa. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa huko Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Vitenzi vyao vilipewa mtendaji, lakini kwa kuchelewa sana.

5. Kurudi kwa mama

Nilipomaliza kuandika sehemu hizi, nilirudi kwenye meza ile. Nikamwambia: «Mama, njo miye nilituma. Sikujua kama ni kweli.» Alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Sasa uambie na bale ulitumia.» Nikaandika tena kwa wote, safari hii kwa jina langu. Wengine walijibu, wengine hawakujibu. Wanunuzi wake hawajarudi wote.

Zoezi kwa wasomaji

Sikiliza habari za jioni za redio yoyote ya mji wetu ukiwa na daftari.
(i) Andika kila «inasemekana» na kila «wanasema». Jaribu kuigeuza kuwa sentensi ya aina (a). Ukishindwa, eleza ni habari gani iliyokosekana.
(ii) Chagua kitenzi kimoja cha kutendwa katika hotuba ya mwanasiasa unayempenda. Ongeza «na» nyuma yake na ujaze nafasi kwa ushahidi, si kwa hasira.
(iii) Rudia zoezi la kwanza kwa kutumia ujumbe kumi wa mwisho uliopeleka kwa simu yako mwenyewe.